Viatu Kutoka Maskati

Mwenzangu mmoja kazini amerudi likizo ya Uturuki, na tangu arudi hatuna raha. Kila tukikaa kunywa chai anatusimulia: hoteli gani ya kufikia, soko gani la kuepuka, dereva gani wa teksi mwizi na yupi mcha Mungu. Juzi alifungua begi lake juu ya meza ili atugawie peremende, na harufu iliyotoka mle ndani, ya sabuni mpya na manukato na plastiki, ikanipiga puani nikasahau kuchukua peremende. Wenzangu walidhani naona haya kunyoosha mkono. Hawakujua kwamba nilikuwa nimeshikwa na kijicho, kijicho kikavu cha utotoni ambacho miaka yote hii nilidhani kimeshakufa.

Nyinyi mliokulia Mji Mkongwe zama zangu mnaijua harufu hiyo. Ni ya sanduku la mtu aliyetoka Arabuni. Zama zile ndugu zetu waliohama walikuwa ndiyo kwanza wameanza kurudi kututazama, na likizo zao zilipofika nyumba za Kiponda zilijaa watu wanaolalamikia joto letu kana kwamba walikotoka kulikuwa na theluji. Sanduku halikufunguliwa siku ya kufika. Mgeni alipumzishwa, akapikiwa, akapelekwa kuwapa mkono waliofiwa yeye hayupo. Alasiri ya siku ya pili ndipo wanawake wa ukoo walipopanda ngazi mpaka ukumbi wa juu wa nyumba ya bibi, wakakaa kwenye busati, kahawa ikamiminwa, na sanduku likalazwa katikati yao. Hapo likafunguliwa polepole, na harufu ikatangulia kutoka kabla ya kitu chochote.

Na kabla ya zawadi kulikuwa na masimulizi. Mgeni alisimulia na waliokwisha kusafiri wakampokea, kila mmoja na lake la kumfundisha mwenzake.

"Ukenda miezi ya joto usikoge mchana," alisema mmoja. "Huko unafungua mfereji wa baridi yanatoka maji ya kuchemshia chai. Koga alfajiri."

"Na sokoni Matrah akikutajia bei wewe ondoka. Usijibu kitu. Atakuita mwenyewe."

"Pilipili chukua zako. Zao nyekundu bure tu, haziwashi hata jicho."

"Na kwenye ndege chukua kanga ya kujitandia. Mie n'lifika nimeganda, n'lishuka natetemeka watu wakadhani nna homa."

Mama yangu hakuwahi kupanda ndege. Alikaa pembeni karibu na dirisha akichagua mchele kwenye ungo, akicheka pale wenzake walipocheka, na hakuwa na la kusimulia. Nilimwonea haya. Mimi nilikaa kwenye kidato cha juu cha ngazi pamoja na Salma, binti wa mama mdogo Rahma, tukisikiliza. Salma alikuwa umri wangu, ila Mungu alimpa nywele za kukalia na mimi akanipa za kuvunja vitana. Yeye alisikiliza mpaka usingizi ukamchukua. Mimi nilishika kila neno. Nikijua mlango gani wa uwanja wa ndege wa Maskati una foleni fupi, nikijua halwa ipi inakaa safarini bila kuchacha, nikijua kwamba kwenye ngazi ya umeme lazima ukusanye buibui lako mkononi lisije likamezwa. Usiku kabla ya kulala nilisafiri peke yangu, na sikukosea hata mahali pamoja.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa mama mkubwa Zuwena. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mama yangu na wa mama mdogo Rahma. Akikaa Maskati na mume mwenye duka la vitambaa, na Mungu hakumjaalia mtoto. Alipokuja, nyumba nzima ilibadilika sauti. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, vidole vyake vikinuka udi hata baada ya kula samaki. Mwaka ule alipokuja, maneno yalizagaa kwamba safari hii atarudi na mtoto mmoja wa kike wa kumtembeza likizo nzima. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Niliamua mtoto huyo ni mimi.

Nilimpelekea maji ya kunawa kabla hajaomba. Nilimkanda miguu. Nilimsalimia "Shikamoo" kila nilipokutana naye ukumbini, hata kama tulikuwa tumeachana sasa hivi tu jikoni, na yeye akaitikia "Marahaba mwanangu" kila mara bila kuchoka. Salma wakati huo alikuwa barazani chini anacheza nage. Nilimtazama kutoka dirishani na nilimsikitikia kidogo, kwa kuwa nilishamshinda.

Alasiri ya kufungua sanduku mama mkubwa aliniita mbele ya wote.

"Njoo hapa wewe. Hebu niambie, ukifika Maskati utafanya nini mwanzo?"

"N'tavaa kanga mabegani mle ndani ya ndege, kuna baridi," nikasema, "halafu n'taivua nje, mana nje moto. Na sin'tokoga mpaka alfajiri."

Walicheka wote mpaka kahawa ikamwagika. Mama mkubwa hakucheka. Alinivuta kwake, akatoa sandukuni gauni la rangi ya samli lenye mikono ya lasi, akanivisha juu ya nguo yangu. Akanivisha soksi. Kisha akatoa viatu vyeupe vyenye kamba na ua dogo juu ya kidole, akanivisha yeye mwenyewe, mguu mmoja baada ya mwingine, na akanifunga kamba. Wanawake walinyamaza. Nilidhani wamenyamaza kwa uzuri wangu.

Ndipo mama akaweka ungo chini.

"Dada, viatu vinambana," alisema.

"Havinibani," nikasema.

"Vinambana. Mguu wake mpana huyu, kama wa babake."

Akaja, akapiga magoti mbele yangu mbele ya ukoo mzima, akafungua kamba moja, akafungua ya pili. Vile viatu vilikuwa vikubwa, kama mnataka kujua ukweli. Kidole kilikuwa na nafasi ya kucheza ndani. Nilishikilia kiatu kwa vidole vya mguu kwa nguvu zangu zote na mama akakivuta, na tukavutana hivyo, mimi na yeye, mpaka kikatoka. Alivikunguta, akaviweka juu ya kifuniko cha sanduku, na gauni akalikunja juu yake.

"Nimekufahamu," mama mkubwa alisema taratibu. Akamgeukia mdogo wao. "Na wako wewe Rahma? Mguu wake vipi?"

Mama mdogo Rahma alikuwa na kikombe mkononi, kitupu. Alikitazama kwa muda mrefu sana. Alikuwa na watoto wengi na mume ambaye kazi zake zilikuwa za leo zipo kesho hazipo.

"Mjaribu," akasema.

Salma aliitwa kutoka barazani, miguu ina vumbi. Viatu vilimpwaya. Wakavitia pamba mbele.

Siwezi kuwaeleza nilivyomchukia mama yangu siku ile. Nilifahamu jambo lote kwa akili yangu yote ya kitoto, na nilivyolifahamu ni hivi: mama hajawahi kwenda popote, na hataki mwanawe aende asikokwenda yeye. Kwangu ilikuwa ni choyo tupu. Asubuhi yake, kama vile haitoshi, alinifungia nguo kwenye kanga akanipeleka Chukwani kwa bibi mzaa baba, na akaniacha huko mpaka wageni waondoke.

Chukwani zama zile ilikuwa mashamba na pwani, na mtoto wa mjini hakuwa na la kufanya ila kula muhogo wa kuchemsha na kufukuza kuku wa bibi. Lakini ndege zilipita juu yetu. Zikitoka uwanjani zilinyanyuka zikapita chini kabisa, minazi ikapiga kelele, na bibi kila mara aliziba masikio akasoma dua. Mimi nilitoka uani kila niliposikia mngurumo. Asubuhi moja bibi aliniambia, bila kujua anachonifanyia, "Wenzako leo ndo wanasafiri." Nikasimama katikati ya ua mpaka shingo ikauma. Ndege ile ilipopita niliona madirisha yake, vitundu tu, na nilikuwa na hakika kwamba Salma amekaa kwenye kimoja, kanga mabegani, miguu ananing'iniza katika viatu vyangu. Nililia kwa hasira hadi nikatapika muhogo. Bibi alidhani nimepigwa na jua.

Likizo ikaisha, shule zikafunguliwa, Salma hakurudi. Walisema mama mkubwa amemwandikisha shule huko huko. Darasani kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine. Kwangu mimi huu ulikuwa ni upendeleo juu ya upendeleo: mtoto kapewa likizo, na likizo yenyewe wakasahau kuimaliza.

Badala yake zikaanza kuja kaseti. Mnakumbuka, watu hawakuandika barua ndefu wakati ule, walijirekodi. Mgeni yeyote aliyetoka Maskati alileta kaseti, na alasiri tukakusanyika tena kwa bibi wa Kiponda, redio ikawekwa katikati pale pale lilipokuwa likiwekwa sanduku. Mama mkubwa alisalimia kila mtu kwa jina lake, wazima na wagonjwa, kisha akasema, "Haya, Salma, wasalimie." Na Salma, ambaye kwenye masimulizi alikuwa akilala, sasa alikuwa ndiye msimulizi. Alitueleza chumba chake kina kiyoyozi. Alitueleza kuna mahali pa kuogelea ambapo maji ni ya buluu hata ukiyateka mkononi, na hapo nikamkatiza kwa sauti kwamba ni uongo. Alitupa na mafunzo.

"Mkija," kaseti ilisema, "msipande ngazi ile ya umeme kwa mguu wa kushoto, mtaanguka. Mie n'lianguka. Na mje na embe mbichi, lakini mzifiche."

Mama mdogo Rahma ndiye aliyeshika kitufe. Salma akimaliza, alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha tena. Mara nyingine alirudisha mahali ambapo Salma hasemi kitu, anakohoa tu au anavuta pumzi. Nilimtazama mwanamke yule nikasema moyoni, anatukomoa. Anataka tulisikie vizuri jina la mwanawe likitoka Arabuni. Nilimwonea wivu na yeye pia, basi. Nilikuwa na wivu wa kutosha watu wote.

Kisha ikaja kaseti ambayo Salma alikuwa na lafudhi mpya, maneno yanatoka kooni kama ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Akasimulia wamekwenda mlimani kupunga upepo. "Mimi na mama," alisema. "Mama kaninunulia komamanga." Kule nyuma tukasikia sauti ya mama mkubwa Zuwena ikicheka.

Mama mdogo Rahma akabonyeza kitufe, redio ikazima.

"Betri zimekwisha," alisema.

Nami nikaamini. Nilinyanyuka hata kwenda dukani kununua nyingine, na mama yangu akanishika kanga akanikalisha kwa nguvu, na sikuelewa kosa langu liko wapi.

Ni baada ya hapo mama mdogo alipoanza kuniita. Nyumba yake ilikuwa uchochoro wa pili kutoka kwetu. "Njoo nikusuke," alisema, na alinisuka hizi nywele zangu za kuvunja vitana kwa subira ambayo mama yangu hakuwa nayo, mafuta ya nazi kiganjani, vikuba vya asumini nyuma ya masikio. Nilikwenda kwa tamaa, nasema kweli, kwa sababu zawadi za Salma zilifikia kwake. Nikaendelea kwenda zawadi zilipopungua. Nilijifunza kwake kukanda mkate wa maji na kushona kofia. Watoto wake wa kiume walikua, wakatawanyika, na mumewe akafa. Mimi niliolewa nyumba mbili kutoka kwake, na haikupita siku bila kupita. Mama yangu hakuwahi kunikataza. Akipika kitu kizuri aliniambia, "Mpelekee Rahma mwanzo."

Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza mama aliponieleza habari ya viatu. Hakuanza yeye. Nilimtania, mbele ya nguo ndogo tulizokuwa tukizikunja, kwamba huyu wangu nikimpata nitamwachia avae viatu vya Maskati hata vikimbana.

Akaacha kukunja.

"Wewe ulidhani vile vya sikukuu?" akaniuliza. "Kwetu sisi mtu haombi mtoto kwa mdomo. Mtu na dadake, utamwambiaje nipe wako? Humvisha. Akimvisha juu mpaka chini, mbele ya watu, na mama mtu akanyamaza, basi keshatoa. Hivyo ndivyo alivyolelewa bibi yako, na mamake bibi yako. Ningelikuwacha nawe ukashuka ngazi na vile viatu, ningekuwa nimeitika."

"Walisema likizo."

"Wamwambie nini mtoto?" Akachukua nguo nyingine. "Nlikuwa na wewe tu na mdogo wako. Sikuweza. Rahma naye hakuweza kuona dada akikataliwa mara ya pili pale pale, akae mikono mitupu. Na kwake njaa ilikuwepo. Akajisemea mwanangu atakula."

Mngetarajia kwamba nilimlilia Salma usiku ule. Sikumlilia. Nilielewa, na nikamwomba mama radhi moyoni, na bado niliona kwamba Salma kapata ngazi ya umeme na komamanga na mama wawili, na mimi nikabaki na mguu mpana.

Yeye mwenyewe alikuja likizo akiwa mtu mzima, na mume na watoto. Akafikia hoteli Uroa. Mimi mzaliwa wa kisiwa hiki, Uroa nilikuwa nikiijua kwa samaki wake na wanawake wake wanaolima mwani, si kwa vitanda vyake, na Salma akanisimulia mimi Uroa. "Ukija chukua chumba cha juu," alinambia, "cha chini kina mbu. Na usile chakula cha hoteli usiku, bora mchana." Alikuwa ametoka kutembezwa Kidichi na watalii wengine kunusa mdalasini, na akaingia kwa mama yake amevaa kofia ya ukuti waliyomsukia huko. Alimletea mama mdogo sanduku zima. Mama mdogo alishukuru kila kitu kwa adabu, kama mtu anayeshukuru mgeni. Kisha akanigeukia mimi akasema, "Nipe ile kanga yangu," na mimi nikaitoa chini ya mto bila kuuliza ni ipi. Salma aliona. Niliona kwamba ameona, na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mama mdogo Rahma alipougua ugonjwa wa mwisho, mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha. Salma alipata habari akakata tikiti, na alipofika tulikuwa tumeshazika. Aliingia ukumbini kwenye msiba na buibui la hariri, akasimama mlangoni hajui akae wapi. Mimi nilikuwa mbele kwenye mkeka. Wanawake waliingia, wakaja kwangu moja kwa moja, wakanipa mkono: pole, pole kwa kufiwa na mamako. Bibi mmoja mzee alimkuta Salma njiani akamwambia kwa wema kabisa, "Karibu mgeni, kaa. Umetoka mbali?"

Salma akaja akachutama karibu yangu. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Mie n'likuwa nakuonea wivu wewe," alisema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo. "Toka siku ile ya viatu. Mamako alikuja akakuvua. N'likaa kwenye ndege namngoja wangu aje anivue."

Akaniuliza mama yake alikuwa akila nini siku za mwisho, nikamwambia. Akaniuliza alikuwa akilalia ubavu gani, nikamwambia. Aliuliza mengine madogo madogo, na kila jibu alilitikisia kichwa na kulirudia kwa midomo bila sauti, kama anayetaka kulihifadhi. Mwisho akauliza lile alilokuwa akilizunguka tangu mwanzo.

"Alinitaja?"

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mwengine aliyekuwepo chumbani siku zile. Miaka yote ile nilikuwa nimeamini kwamba mwanamke yule kanichagua mimi, na wiki zake za mwisho zikanionyesha vingine.

"Alikuwa akikuita," nikasema. "Kila akiamka. Salma, Salma."

"Ukimwambiaje?"

"Nikiitika naam."

Aliinamisha kichwa. Kisha akanyanyuka, akasogea mbele, akakaa kwenye mkeka ubavuni kwangu, upande wa mlangoni. Mwanamke aliyefuata kuingia alitutazama sote wawili, akamwinamia yeye, akampa mkono yeye kwanza. Na mimi, mtu mzima na watoto wangu, na mikono ambayo bado ilikuwa inanuka karafuu maiti ya kumwoshea, roho iliniuma kana kwamba nimevuliwa tena.